Jibu: Afgrunden inasifiwa kwa lipi?

Habari ndugu. Umesema Afgrunden, ile filamu bubu ya Denmark ya 1910, kwako ni watu wanakimbiakimbia tu, huoni uigizaji. Kabla ya yote angalia kasi. Filamu nyingi za wakati ule zilirekodiwa kwa fremu (picha moja moja) 16 hadi 18 kwa sekunde. Ukizicheza kwa 24, kila kitu kinaenda mbio na kuvurugika. Mimi niliishusha kasi ya kucheza hadi 0.75, nikaona filamu nyingine kabisa!

Sasa rudia ile ngoma ya jukwaani. Asta Nielsen, mwigizaji mkuu, anamfunga mwanamume kamba, kisha anacheza akimsogelea, mwili mzima unaongea. Halafu mwishoni, akichukuliwa na polisi, mtazame usoni: ametulia, hatupi mikono hewani. Mwaka uliofuata Nielsen akachukuliwa kuigiza filamu Ujerumani.