Kiwanda cha kanisa na msamaha wa kodi: piga hesabu kabla ya kujenga, na kabla ya kulalamika

Makala haya ni ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mjumbe wa bodi ya wadhamini anayetaka kanisa lake lianzishe kiwanda cha unga wa uji, tanuri la mikate au nyumba ya wageni, kwa kuwa amesikia kwamba kanisa halilipi kodi. Wa pili ni mfanyabiashara anayegombea rafu moja ya supamaketi na kiwanda cha namna hiyo, na ameshaamini kuwa hana nafasi. Wote wawili hukosea pahali pamoja: wanautafuta msamaha wa kodi kwenye bei ya bidhaa. Kwa kawaida haupo huko. Upo kwenye akiba, na huchukua miaka kuonekana.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Sanitarium, kampuni ya nafaka za kifungua kinywa inayomilikiwa na Kanisa la Waadventista Wasabato huko Australia na New Zealand. Ilianzia Melbourne mwaka 1898. Mwaka 1900 Edward Halsey, mwoka mikate aliyetoka Battle Creek, Michigan, Marekani, alianza kuoka Papanui, Christchurch, na hapo ndipo tawi la New Zealand lilipoanza. Mwaka 1928 kampuni ilinunua Weet-Bix, vile vibonge vya ngano iliyopikwa na kukandamizwa ambavyo leo karibu kila nyumba ya nchi hizo mbili inavijua. Bennison Osborne, aliyehusika kuvibuni, baadaye alishiriki kuanzisha Weetabix Uingereza, ile ile inayopatikana madukani Nairobi.

Sanitarium inashindana na Kellogg's, na Hubbards ya Auckland, na chapa za supamaketi zenyewe kama Pams. Kampuni ya kawaida New Zealand hulipa 28% ya faida yake kama kodi ya mapato. Sanitarium hailipi kodi hiyo, kwa sababu imesajiliwa kama taasisi ya hisani na faida yake ni ya kazi za kanisa. Msingi wake ni wa zamani: sheria ya hisani waliyoirithi kutoka Uingereza huhesabu kueneza dini kuwa hisani, sawa na kusaidia maskini na kutoa elimu.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe fikra moja inayopotosha mazungumzo yote. Kiwanda hicho kinatoza na kuwasilisha GST, kodi ya bidhaa na huduma inayofanana na VAT, ya 15% kwenye kila pakiti kama wenzake. Kinakata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi. Kinalipa ushuru wa forodha. Msamaha unahusu faida tu, na mwaka usio na faida msamaha huo hauna thamani yoyote.

Sasa hesabu. Tuchukue tarakimu za kubuni zilizo rahisi kufuata. Pakiti moja inauzwa kwa supamaketi dola 4.00, na gharama zake zote ni dola 3.50. Faida ni senti 50. Mshindani wa kawaida anatoa senti 14 za kodi, anabaki na 36. Kiwanda cha kanisa kinabaki na 50 kamili. Kikitaka kupunguza bei hadi kibaki na senti 36 kama mwenzake, kinaweza kushuka mpaka dola 3.86. Punguzo lote ni 3.5% ya bei. Wiki moja ya ofa ya supamaketi hukata zaidi ya hapo. Mwenye kiwanda kidogo anayesema ameuawa na msamaha wa kodi ajiulize kwanza kama gharama zake hazimzidi mshindani kwa zaidi ya senti 14. Mara nyingi zinamzidi, kwa sababu mwenzake ananunua ngano kwa shehena kubwa na mitambo yake haisimami.

Isitoshe, kiwanda cha kanisa hakina sababu ya kushuka. Kodi ya faida haibadilishi bei inayoleta faida kubwa zaidi. Kama dola 4.00 ndiyo bei bora kwa anayelipa kodi, ndiyo bora pia kwa asiyelipa. Kila senti inayopunguzwa ni senti iliyotolewa kwenye shule, hospitali na wachungaji. Bodi inayosema "sisi hatulipi kodi, kwa hiyo tuuze rahisi" inagawa mali ya kanisa kwa wenye supamaketi, maana hakuna anayewalazimisha kupitisha punguzo hilo kwa mnunuzi. New Zealand rafu zimeshikwa na makundi mawili, Woolworths na Foodstuffs. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliona jambo hilo ni zito kiasi cha kulitolea ripoti kamili mwezi Machi 2022, na sheria mahsusi ya ushindani wa vyakula ikafuata mwaka 2023. Anayetaka kujua kwa nini bidhaa mpya ya nafaka haipati nafasi aanze na meza ya afisa manunuzi wa supamaketi, kodi aiangalie baadaye.

Faida halisi ya msamaha ipo kwenye kulimbikiza. Viwanda viwili vina mtaji sawa, kila kimoja kinazalisha faida ya 10% kwa mwaka na kurudisha faida yote kwenye mitambo. Anayelipa kodi ya 28% anakua kwa 7.2%. Baada ya miaka 10 mtaji wake umefika mara 2.00 ya ulioanza. Asiyelipa amefika mara 2.59. Hapo ndipo mshindani ana hoja ya haki: kwenye laini mpya ya uzalishaji, kwenye ghala, kwenye uwezo wa kustahimili mwaka mbaya. Kikundi kazi cha kodi cha New Zealand, kilichotoa ripoti yake ya mwisho Februari 2019, nacho kiliutazama mlundikano huo: kama umma unaacha kukusanya kodi kwa ajili ya hisani, fedha zifike kwenye hisani badala ya kulala ndani ya biashara. Kwa maoni yangu hoja hiyo ina nguvu kuliko kelele zote za bei.

Lakini mizani ina upande wa pili, na bodi nyingi hazielezwi. Kiwanda cha hisani hakiwezi kuuza hisa kwa wawekezaji wanaotaka gawio, kwa hiyo mtaji wake ni mkopo, sadaka au faida yake yenyewe. Hasara za miaka ya mwanzo hazikisaidii kwenye kodi, ilhali kampuni ya kawaida huzibeba mbele na kupunguza kodi ya miaka inayofuata. Kiwanda kipya cha chakula kikipata hasara miaka mitatu ya kwanza, jambo lisilo la ajabu, mshindani anayelipa kodi amefaidika zaidi na sheria kuliko wewe.

Masharti yenyewe

New Zealand msamaha wa faida ya biashara ya hisani una masharti mawili yanayonasa watu. La kwanza: madhumuni yawe ndani ya New Zealand. Kama sehemu ya faida inakwenda kwa kazi za nje, faida inagawanywa na sehemu hiyo hutozwa kodi. Kanisa linalopeleka fedha za kiwanda kwenye misheni ya visiwa vya Pasifiki lazima liwe na kumbukumbu za mgawanyo huo tangu siku ya kwanza. La pili: mtu yeyote mwenye udhibiti juu ya biashara asiweze kujielekezea faida yake. Neno zito hapo ni "asiweze". Si lazima awe amechukua kitu. Mjumbe wa bodi ambaye kampuni yake inauzia kiwanda vifungashio, naye yumo kwenye kikao kinachopanga bei, ameuweka msamaha wote hatarini. Dawa yake: atangaze maslahi kwa maandishi, atoke kikaoni, zabuni ziwe tatu, na kumbukumbu za kikao zionyeshe hayo yote.

Kuna pia suala la marupurupu. Taasisi za hisani za huko hazitozwi kodi ya marupurupu ya wafanyakazi, lakini mfanyakazi aliyeajiriwa kwenye biashara iliyo nje ya madhumuni ya hisani hahesabiwi humo. Dereva wa ofisi ya kanisa akipewa gari na meneja mauzo wa kiwanda akapewa gari kama hilo, ni watu wawili tofauti mbele ya sheria. Wanaowaweka wote kwenye orodha moja ya mishahara hulipa baadaye, pamoja na riba.

Nchi nyingine zimekata shauri kwa njia nyingine. Marekani ilianza kutoza biashara zisizohusiana na madhumuni ya taasisi mwaka 1950, baada ya kiwanda cha tambi cha Mueller kuwekwa chini ya shule ya sheria ya New York University. Makanisa yakaingizwa kwenye kodi hiyo kwa sheria ya mwaka 1969. Australia, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2008, katika kesi ya Word Investments, kwamba kampuni inayofanya biashara ya mazishi ili kulipia tafsiri ya Biblia inaweza kuwa ya hisani. Serikali ikatangaza mwaka 2011 kwamba itatoza biashara zisizohusiana, kisha mpango huo ukaachwa mwaka 2013. New Zealand nayo ilitoa karatasi ya kuomba maoni kuhusu kutoza biashara hizo Februari 2025, lakini haikuingiza badiliko hilo kwenye bajeti ya Mei mwaka huo. Anayepanga kiwanda cha miaka 30 apige hesabu mbili, moja yenye msamaha na moja isiyo nao. Mradi usiosimama bila msamaha usijengwe.

Kwa msomaji wa Kenya na Tanzania

Msichukue mfano wa Sanitarium na kuupandikiza nyumbani. Kenya inasamehe mapato ya taasisi za kueneza dini, lakini faida ya biashara ina kipimo chake. Kwanza faida yote itumike kwa madhumuni hayo. Kisha litimie mojawapo kati ya haya: biashara yenyewe iwe ndiyo utekelezaji wa madhumuni, kama shule inayotoza ada, au kazi yake ifanywe hasa na wanufaika, kama karakana ya watu wenye ulemavu, au mapato yawe ni pango la ardhi na mali. Kiwanda cha konfleksi chenye wafanyakazi wa kuajiriwa kutoka popote hakiingii kirahisi kwenye hata moja. Ndiyo maana jengo la kupangisha la kanisa na kiwanda cha kanisa, vilivyo kwenye kiwanja kimoja, vinaweza kuwa na majibu tofauti KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Njia iliyo safi zaidi kwa wengi ni kusajili kampuni ya kawaida inayomilikiwa na kanisa, ilipe kodi yake, na ichangie kanisa fedha taslimu. Mchango kwa taasisi yenye cheti cha msamaha hupunguzwa kwenye faida kabla ya kodi, mradi kuna risiti na nakala ya cheti ambacho hakijaisha muda. Cheti hudumu miaka 5. Anza maombi ya kukihuisha miezi sita kabla, kwa sababu hesabu zilizokaguliwa hazipatikani kwa wiki moja. Angalizo: mchango hutoa fedha kiwandani. Bodi ikitoa faida yote kila mwaka, mtambo ukivunjika hakuna cha kuutengenezea. Pangeni kiwango cha akiba kwa azimio la maandishi.

Tanzania utaratibu ni mwingine. Taasisi huomba uamuzi wa Kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, kutambuliwa kuwa ya hisani, na kujiita hivyo kwenye katiba yake hakutoshi. Ikishatambuliwa, hupunguza kwenye mapato yake kiasi ilichotumia kwa kazi zake na pia 25% ya mapato. Kinachobaki bila kutumika zaidi ya hapo hutozwa. Mhasibu wa jimbo la kanisa anayefunga mwaka na salio kubwa benki kwa ajili ya ujenzi wa baadaye aombe idhini mapema.

Popote ulipo, fungua akaunti ya benki ya kiwanda peke yake, vitabu vyake peke yake, na bei ya maandishi kwa kila kitu kinachotoka kanisani kwenda kiwandani: ardhi, gari, karani, umeme. Mkaguzi anaweza kuanza na umeme, kwa sababu mita moja ya kanisa na kiwanda ndiyo ushahidi mwepesi kuliko wote kwamba vitabu havijatenganishwa. Fungeni mita mbili.

Nawe mshindani, kabla ya kuandika barua ya malalamiko, soma hesabu za taasisi hiyo. New Zealand rejista ya hisani iko wazi kwa umma, na taarifa za kila mwaka zinasomeka bure. Tazama mistari mitatu: faida, kiasi kilichokwenda kwenye hisani, na ongezeko la mali za kiwanda. Kama hisani inapata kidogo huku mali zinapanda mwaka hadi mwaka, una hoja ya kupeleka kwa watunga sera. Ukiona wanauza chini ya gharama, hilo ni la mamlaka ya ushindani, na utatakiwa kuonyesha gharama, si kodi. Na chunguza alama za biashara. Mwaka 2017 forodha ya New Zealand ilizuia shehena ya Weetabix iliyoagizwa na duka la Christchurch kwa sababu jina lilikaribia mno Weet-Bix. Shauri likafika Mahakama Kuu mwaka 2018, na vibonge hivyo vikaruhusiwa kuuzwa kwa sharti jina lifunikwe. Anayeagiza bidhaa kwa soko lile atafute jina kwenye rejista ya alama kabla ya kuchapisha pakiti ya kwanza.