Kuomba uzamili wa muziki mtakatifu Marekani: ushauri kwa walimu wa kwaya

Mwalimu wa kwaya wa parokia au usharika wa kwetu anafanya kazi ambayo darasa la muziki haliwezi kumfundisha mtu: anashika watu arobaini, wengi hawasomi noti, anawafundisha wimbo mpya wa sauti nne jioni baada ya kazi, na Jumapili wimbo unaimbwa. Mtu huyo akiomba kusoma uzamili wa muziki mtakatifu Marekani hana sababu ya kujiona mdogo. Maombi ya watu wetu hukwama mara nyingi kwa mambo mengine kabisa: video iliyopigwa kutoka upande usiofaa, solfa (uandishi wa do, re, mi) ambayo haijavushwa kwenda kwenye noti za mistari, na kuanza Oktoba kazi iliyotakiwa kuanza mwaka mmoja na nusu kabla.

Kwanza jua unaomba shahada ya aina gani, kwa sababu jina "muziki mtakatifu" linafunika mambo tofauti. Taasisi ya Muziki Mtakatifu ya Chuo Kikuu cha Yale ilianzishwa 1973, ikarithi kazi ya shule ya muziki mtakatifu iliyofunguliwa 1928 katika seminari ya Union, New York. Wanamuziki wanaotaka shahada ya muziki pale huingia pia kupitia Shule ya Muziki ya chuo hicho, na usaili wake ni wa kiwango cha juu sana cha upigaji, uimbaji au uongozaji. Notre Dame, Indiana, ina Uzamili wa Muziki Mtakatifu (MSM), unaochanganya muziki na masomo ya liturujia na theolojia. Chuo Kikuu cha Southern Methodist (SMU), Dallas, kinatoa MSM inayoendeshwa kwa pamoja na shule yake ya theolojia ya Perkins na shule yake ya sanaa ya Meadows. Kwa maoni yetu, mwalimu wa kwaya mwenye shahada ya ualimu au theolojia na huduma ya miaka mingi kanisani anafaa zaidi kwenye MSM kuliko kwenye shahada ya muziki mtupu. Aliyesomea muziki chuoni na kupiga au kuongoza nyimbo ngumu ajaribu zote mbili.

Kabla hujalipa ada ya maombi, andikia ofisi ya udahili uulize jambo moja: je, wanapokea shahada ya kwanza ya miaka mitatu? Shahada nyingi za Tanzania na Uganda ni za miaka mitatu, na baadhi ya vyuo vya Marekani hudai minne. Jibu lihifadhi kwa maandishi.

Kalenda yenyewe haina huruma. Vyuo vingi hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na Januari, na video ya mchujo hupelekwa wakati huohuo. Wanaopita mchujo huitwa kwenye usaili Februari au mapema Machi. Kwa hiyo video inatakiwa iwe imekamilika Oktoba, nyimbo zake ziwe zimeiva Agosti, na wewe uwe unasoma noti bila kusuasua kabla hujazichagua.

Kutoka solfa kwenda noti

Solfa tuliyoletewa na wamisionari ni ule mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Usiuonee haya. Sikio lililolelewa na solfa lina faida kubwa kwenye mtihani wa kuimba wimbo usioujua, kwa kuwa do inayohama kufuata ufunguo wa wimbo ndiyo inayofundishwa katika vyuo vingi vya huko pia. Lakini majina ya noti zilizopandishwa na kushushwa hayafanani, na hapo watu hujikwaa mbele ya jopo la usaili. Fa iliyopandishwa sisi huiita fe, wao huiita fi. Ti iliyoshushwa kwetu ni ta, kwao ni te. Hatari kuliko zote ni se: kwetu ni so iliyopandishwa, kwao se ni so iliyoshushwa, na ile iliyopandishwa huitwa si. Tena katika funguo za huzuni sisi huanzia la, wakati baadhi ya walimu wa huko huanzia do na kushusha mi, la na ti. Uliza mapema chuo kinatumia njia ipi. Ukishindwa kujua, imba kwa "la la la"; jopo linapima sauti ulizotoa.

Udhaifu wa kweli wa mtu wa solfa uko kwenye macho. Karatasi ya solfa haikulazimishi kufuata mistari minne kwa wakati mmoja, wala kutambua kwa kutazama tu kwamba alto na tenori wanagongana. Dawa ni kuandika kwa mkono. Chukua wimbo wa kitabuni unaoujua kwa solfa, uandike kwenye mistari ya noti kwa sauti zote nne, kwanza katika ufunguo wa G, halafu E flati. Wimbo mmoja kwa siku, miezi mitatu. Baada ya hapo geuza kazi: chukua wimbo usioujua ulioandikwa kwa noti, imba kila sauti peke yake, kisha piga besi kwenye kinanda huku ukiimba tenori. Zoezi hilo la kupiga sauti moja na kuimba nyingine hupendwa sana kwenye usaili wa waongozaji, na haliwezi kujifunzwa wiki ya mwisho. Zoea pia tenori inayoandikwa kwa alama ya sauti za juu (treble clef) yenye nambari 8 chini yake: inaimbwa oktava moja chini ya inavyoonekana.

Noti za bure zipo. Maktaba za mtandaoni za CPDL na IMSLP zina maelfu ya nyimbo za kwaya ambazo haki zake zimekwisha, zikiwemo za watunzi wa kale wa Ulaya kama Palestrina, Victoria, Byrd na Schütz.

Video

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, na inauma kwa sababu kosa linarekebishika kwa dakika kumi. Kwetu tumezoea video za kwaya: kamera mbele, sare nzuri, wanakwaya wanatabasamu, mwalimu anaonekana mgongo au haonekani kabisa. Jopo halina haja na hiyo. Linataka kamera isimame nyuma au katikati ya waimbaji ikikutazama wewe, kuanzia kiunoni hadi juu ya mikono iliyoinuliwa. Uso uonekane, mikono yote miwili ionekane, muda wote.

Simu nzuri inatosha. Ilaze kwa upana, ifunge kwenye stendi kwa urefu wa kifua, mita tatu au nne kutoka ulipo, uweke hali ya ndegeni ili simu ya mtu isikate wimbo. Usisimame mbele ya dirisha. Utageuka kivuli cheusi. Shati jeupe mbele ya ukuta mweupe hufuta mikono, hivyo vaa nguo nyeusi au bluu iliyokoza. Zima feni, zima vipaza sauti vya kinanda, na ngoma zikae mbali na simu, kwa sababu simu hupunguza yenyewe sauti yote inaposikia kishindo, na kwaya inazama. Waimbaji kumi na sita hadi ishirini na wanne waliofundishwa vizuri ni bora kuliko sitini waliokusanywa siku hiyo.

Usihariri ndani ya wimbo. Usiongeze mwangwi. Usipeleke sauti ya studio ikabandikwa juu ya picha ya siku nyingine: jopo linatazama uhusiano kati ya mkono na sauti, na tofauti ya nusu sekunde tu inaharibu kila kitu. Vyuo vingi huomba sehemu mbili, mazoezi na wimbo kamili. Fuata dakika walizotaja hata kama unaona ni chache.

Chagua nyimbo zinazopingana: mmoja wa polepole usio na ala, wenye sauti zinazofuatana, na mmoja wa mapigo ya haraka. Weka na wimbo mmoja wa Kiswahili wenye ubora wa kweli, ukiambatanisha tafsiri ya maneno na karatasi ya noti. Wimbo huo utakutofautisha, mradi usiwe ndio pekee.

Tazama video yako ukiwa umezima sauti. Kama huwezi kujua kwa macho tu wapi wimbo unalainika na wapi unapanda, mikono yako haijasema kitu. Angalia kama mkono wa kushoto unaiga wa kulia mwanzo hadi mwisho. Wa kushoto unapaswa kufanya kazi yake ya kuita sauti, kuonyesha nguvu na kukata. Angalia kama unavuta pumzi pamoja na waimbaji kabla ya pigo la kwanza. Na uache kuimba nao. Mwalimu anayeimba besi wimbo mzima hawezi kusikia kwamba soprano wameshuka, na jopo linaliona hilo mara moja. Kucheza pia kuna mahali pake katika ibada zetu, na kwenye wimbo wa Kiswahili mwili ukifuata mdundo ni sawa, lakini kwenye wimbo wa Victoria tuliza magoti ili pigo lisomeke mkononi.

Kwa wapiga ogani

Kinanda cha funguo 61 kisicho na pedali, yaani funguo zinazopigwa kwa miguu, hakikuandai. Ogani ya Marekani kwa kawaida ina pedali 32 na kibodi mbili, tatu au zaidi, na karibu kila chuo kitataka kazi moja kubwa ya Bach, moja ya karne ya 19 na moja ya baada ya 1900, pamoja na wimbo wa waumini. Kama hujapata ogani yenye pedali ya kufanyia mazoezi kila wiki kwa angalau mwaka mzima, ahirisha maombi au omba kuongoza kwaya badala yake. Nunua viatu vyepesi vyenye soli nyembamba ya ngozi na kisigino. Viatu vya michezo hushika pedali na kuchelewesha mguu. Wimbo wa waumini usiuone mwepesi: wanasikiliza kama waumini wangepata nafasi ya kupumua kati ya beti, kama besi iko miguuni, na kama mwendo haupungui mwishoni mwa mstari.

Siku ya usaili

Mwombaji wa uongozaji hupewa kwaya asiyoijua kwa dakika kama kumi na tano au ishirini, na nyimbo alizotumiwa kabla. Waimbaji hao wanasoma noti. Ukianza kuwaimbia kila sauti kama tunavyofanya nyumbani, nusu ya muda wako imekwenda kwenye jambo wanalolijua. Waache waimbe ndani ya dakika ya kwanza. Ukiwasimamisha, taja kipimo (bar), taja sauti, taja jambo, kisha anza tena papo hapo: "Kipimo cha kumi na mbili, alto, pumzi iwe baada ya koma." Hotuba kuhusu maana ya wimbo iwe sentensi moja. Mambo mawili au matatu yanatosha, ila kwaya iimbe tofauti mwishoni na jinsi ilivyoanza. Fanya mazoezi ya kusema maelekezo hayo kwa Kiingereza kwa sauti, maana ulimi huwa mzito siku hiyo hata kwa anayeandika Kiingereza safi.

Kwenye mahojiano watauliza kwa nini muziki mtakatifu na si uongozaji wa kawaida. Eleza kwa undani muziki unafanya nini katika ibada yako: maandamano ya matoleo yanachukua muda gani, nani anaanzisha wimbo msibani, kwa nini waumini wanaimba au wananyamaza kwaya inapoimba. Mkatoliki awe amesoma sura ya sita ya hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, Sacrosanctum Concilium ya 1963, hasa namba 119 inayozungumzia mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni, na awe na maoni yake.

Barua ya maelezo binafsi isizidi urefu uliotajwa. Futa sentensi ya kupenda muziki tangu utotoni. Andika idadi ya waimbaji, ibada kwa wiki, ulichokikuta na ulichokibadilisha. Katika barua za mapendekezo, moja inaweza kutoka kwa paroko au mchungaji, lakini zilizobaki ziandikwe na wanamuziki waliokuona ukifanya kazi. Mfumo wa maombi humtumia kila mwandishi wa barua kiungo kwa barua pepe, na mara nyingi kinaangukia kwenye taka. Mpigie simu siku hiyohiyo. Wape wiki sita.

Fedha uliza wazi. Shule ya Muziki ya Yale haitozi ada ya masomo, kufuatia zawadi kubwa iliyotangazwa 2005, lakini chakula, pango na bima ya afya ni mambo mengine, na posho isipofika miezi ya kiangazi utaumia. Omba kusamehewa ada ya maombi, na uombe kufanyiwa usaili kwa video kama nauli haipo. Vyuo vingi huwakubalia walio ng'ambo. Ukipewa ufadhili, vyuo vilivyosaini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili hukuachia hadi 15 Aprili kujibu, kwa hiyo usikubali kuharakishwa kabla hujasikia kwa wengine.

Chuo kikikutumia fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na ada ya viza ni juu ya hapo. Masharti ya viza za wanafunzi yamekazwa kwa raia wa baadhi ya nchi zetu, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote, usikate tiketi kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti, na mapema kabisa uombe chuo kikuthibitishie kwa maandishi kama nafasi yako na ufadhili wake vinaweza kusubiri mwaka mmoja.