Verdugo anakula risasi zote, nimpigeje?

Mkuu, umesema umemmiminia Verdugo, lile dubwana, risasi zote za shotgani na bado anakuja tu. Kwenye gemu ya Resident Evil 4 ya 2005 ndivyo alivyo: kabla hajagandishwa, ngozi yake ni ngumu mno, risasi hazimuumizi sana. Acha kumpiga hovyo.

Tafuta mitungi ya nitrojeni iliyosimama ukutani. Usiiangushe mapema, msubiri akufikie kabisa, ndipo uisukume. Gesi ikimpiga anaganda, anakuwa mweupe kama kuku wa friza, na hapo ndipo shotgani au magnamu inamuuma. Akianza kutikisika, ondoka, kimbilia chumba chenye mtungi mwingine. Njiani kidole kisitoke kwenye vitufe, maana mkia wake hutokea darini au sakafuni na ukichelewa kukwepa umekwenda.

Kama una peseta 30,000 (hela za humo kwenye gemu), nunua roketi kwa yule mchuuzi wa silaha wa humo. Mgandishe, piga moja, kwisha habari. Wengine husema ni uoga, shauri yao.

Huna hela wala risasi? Si lazima umuue. Zungukazunguka mpaka lifti ifike, panda, sepa. Ila utakikosa kile kito anachoangusha akifa, na kinauzika vizuri.