Nani atamchukua Marko?

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza: "Mtu aliyeanguka kisha akatubu, je, arudishiwe utumishi wake?" Najua wengi watajibu upesi kwamba kusamehe ni kwa Mungu na kurudishiwa kazi ni kwa wanadamu. Mimi nashindwa kuyatenganisha hayo mawili, kwa sababu katika Maandiko sioni mahali Mungu anapomsamehe mtumishi wake kisha akamwacha akae bure.

Yona alitumwa Ninawi akakimbilia Tarshishi. Alipotapikwa na samaki nchi kavu, neno la Bwana likamjia mara ya pili, na lilikuwa lile lile: ondoka, uende Ninawi. Hakupunguziwa kazi. Petro naye alimkana Bwana wake akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo anashuka ufuoni mwa bahari ya Tiberia na kukuta tena moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wanakula kwanza. Kisha anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na kila akijibu haambiwi "nimekusamehe", neno ambalo sisi tungeridhika nalo kabisa. Anaambiwa alishe kondoo. Mtu aliyetishwa na maneno ya kijakazi ndiye anayekabidhiwa kundi!

Lakini katika habari ya Petro, Yesu mwenyewe yupo pale ufuoni. Swali lenu linatuhusu sisi tuliobaki, wenye vikao na orodha za zamu, kwa hiyo naomba tukae zaidi kwa Yohana Marko.

Huyu alikuwa kijana wa Yerusalemu, mtoto wa nyumba ya maombi. Usiku ule Petro alipotolewa gerezani na malaika, alikwenda kubisha nyumbani kwa Mariamu, mama yake Marko, ambako waumini walikuwa wamekusanyika wakiomba. Paulo na Barnaba walipoanza safari ya kwanza walimchukua awe msaidizi wao. Wakavuka kisiwa cha Kipro salama. Walipofika Perge katika Pamfilia, pwani ya kusini ya nchi tunayoiita leo Uturuki, Marko akawaacha akarudi kwao. Luka, mwandishi wa kitabu cha Matendo, haelezi sababu. Anachotueleza ni yaliyowapata waliosonga mbele: walifukuzwa Antiokia ya Pisidia, na huko Listra Paulo alipigwa mawe, akaburutwa nje ya mji wakidhani amekufa.

Kwa hiyo Paulo tusimwonee. Barnaba aliposema tumchukue tena Marko kwa safari ya pili, Paulo alikuwa na makovu mwilini. Ukiachwa njiani na mtu, halafu ukapigwa mawe, si rahisi kumpanga tena kwenye safari yako. Wakashindana hata wakatengana, wazee wawili waliokuwa wamevumilia pamoja mambo mengi. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro.

Tukumbuke Barnaba alikuwa nani. Sauli, ndiye Paulo huyu huyu, alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi wote walimwogopa, hawakusadiki kwamba ni mwanafunzi kweli. Barnaba ndiye aliyemshika akampeleka kwa mitume na kumsemea. Baadaye alifunga safari hadi Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia ya Shamu wafanye kazi pamoja. Paulo aliyekuwa akimkataa Marko alikuwa ameingizwa kanisani kwa mkono huo huo. Na wema huu ulimgharimu Barnaba: tangu siku aliyoondoka na Marko, kitabu cha Matendo hakisemi tena habari zake. Masimulizi yanamfuata Paulo. Barnaba anabaki Kipro na kijana aliyeshindwa, na hatusikii hata neno moja la walichofanya huko.

Tunachosikia ni matokeo. Miaka kumi na zaidi ikapita, na Paulo akiwa kifungoni anawaandikia Wakolosai kwamba Marko akifika kwao wamkaribishe. Katika barua kwa Filemoni anamhesabu kati ya watenda kazi pamoja naye: Marko, Aristarko, Dema, Luka. Na karibu na mwisho wa maisha yake anamwagiza Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Mstari mmoja tu kabla ya huo amesema Dema amemwacha. Aliyewahi kutoroka sasa anahitajiwa, na aliyekuwa wa kutegemewa ameondoka. Nani kati yetu angeweza kuwapanga watu hao wawili kwa usahihi siku ile ya ugomvi?

Mapokeo ya kanisa la kwanza yanasema Marko huyu ndiye aliyeandika Injili yenye jina lake, kutokana na mahubiri ya Petro. Wakristo wa Kikoptiki wa Misri wanamheshimu kama mwanzilishi wa kanisa lao kule Aleksandria. Na ni katika Injili hiyo peke yake ndipo wanawake kaburini wanaagizwa wakawaambie wanafunzi "na Petro". Mathayo hana neno hilo, Luka hana. Marko analo. Nikilifikia huwa nasimama kidogo.

Sasa nije kwetu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri hapa Tanzania, na sisi tuna utaratibu wa kumtenga aliyeanguka na wa kumrudisha kundini akitubu. Naupenda utaratibu huu. Unaita kosa kosa, na unamfungulia mtu mlango hadharani. Lakini nimeona unapoishia.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alipata mimba kabla ya ndoa. Akatengwa. Mwanamume hakuwa msharika wetu, na hakuna aliyemtafuta kumuuliza lolote. Hilo nalo linaniuma mpaka leo. Baada ya kujifungua, yule dada alisimama mbele ya madhabahu, mtoto amebaki kwa bibi yake benchi la nyuma. Mchungaji akaongoza sala, washarika wakaimba, wazee wakampa mkono. Tangu siku hiyo akashiriki Meza ya Bwana kama wengine. Ila kwa watoto hakuitwa tena. Hakuna kikao kilichomkataza. Zamu zilipopangwa, jina lake lilikuwa halitajwi tu.

Aliyevunja ukimya huo ni mama anayesimamia shule ya Jumapili. Alianza kwa kumwomba aje kushika daftari la mahudhurio na kuwapanga wadogo kwenye mikeka. Kisha akampa kuhesabu sadaka ya watoto, zile sarafu za mia mia. Halafu Jumapili moja akamwachia somo. Wazazi wawili watatu wakaja kulalamika, na yule mama akawajibu mlangoni: "Nipo naye darasani. Akiharibu, mje kwangu." Leo yule dada ndiye anayewafundisha walimu wapya.

"Akiharibu, mje kwangu." Maneno hayo hayamo katika utaratibu wetu wa kumrudisha mtu kundini, na bila mtu wa kuyasema, tunampokea mwenzetu mezani huku tumemwacha nje ya kazi miaka yote. Kisha tunashangaa kwa nini amehamia kanisa jingine.

Sisemi kila mtu arudi pale pale kesho yake. Aliyekula fedha za usharika alipe anachoweza, na asipewe tena hazina akiwa peke yake. Aliyemdhuru mtoto asirudi kabisa kwenye darasa la watoto, na sheria ichukue mkondo wake; neema kwake itamtafutia kazi nyingine, mbali na watoto. Hata Marko hakuanza upya kwa kuongoza safari. Alianza kwa kufuatana na mtu mzima aliyemjua vizuri.

Basi jibu langu ni ndiyo, arudishiwe utumishi, mradi apatikane wa kwenda naye. Kikao kijacho cha baraza letu la wazee nitaleta pendekezo: siku mtu anaporudishwa kundini, yaandikwe mambo mawili kwenye muhtasari, kazi atakayoanza nayo na jina la msharika atakayekuwa naye katika kazi hiyo kwa mwaka wa kwanza. Mtu wa kwanza akikosa wa kumchukua, liandikwe jina langu.