Tübingen ina nani wa maana?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri, binti yangu kapata skolashipu ya Tübingen kule Ujerumani, je kuna mtu maarufu katoka huko ama ni baridi tu? Mama wa Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu, hongera! Kepler, yule mtaalamu wa nyota na sayari, alisoma huko, na mwaka 1869 Mswisi Miescher, kwenye maabara iliyokuwa jiko la kasri, aliosha usaha wa bandeji za hospitali akapata kitu ambacho leo tunakiita DNA, yaani kile kinachobeba urithi wa mzazi hadi mtoto, eti usaha jamani! Lakini wetu hasa ni Krapf, yule mmishonari wa Rabai aliyeandika kamusi ya Kiswahili, kazaliwa Derendingen ambayo sasa ni mtaa wa Tübingen, akafika Mombasa 1844. Kaburi la mkewe liko hapo Nyali, si mbali na kwenu.