Nyinyi mnaopaka katalogi ya Keeneland rangi ya njano

Juzi nimewakuta vijana nyuma ya banda wanapaka njano kila jina la ukoo wa farasi lenye herufi nzito, ukurasa mzima unawaka. Mnada wa Septemba wa farasi wa mbio pale Keeneland, Marekani, una yalingi, yaani farasi wa mwaka mmoja, zaidi ya 4,000 kwenye katalogi, wino wenyewe hautoshi. Sasa nisikilizeni wadogo zangu.

1. Herufi nzito kubwa tupu, huyo kashinda steki, yaani mbio za daraja la juu. Nzito za kawaida, huyo kaambulia nafasi ya pili au ya tatu kwenye steki. Hilo mnalijua, swali ni jina limekaa chini ya nani.

2. Mama wa kwanza, yaani mama mzazi wa farasi anayeuzwa (wa pili ni bibi yake, wa tatu mama wa bibi), ndo kesi yenyewe. Kuna mwaka nilimng'ang'aniza bosi dume mmoja, baba yake alikuwa habari ya mjini na chini ya mama wa tatu kulikuwa kumejaa mabingwa mpaka raha. Nilichopuuza ni kamstari kadogo kwa mama wa kwanza: watoto wanne wa umri wa kukimbia, watatu wamekimbia, mshindi hakuna. Nilikaona bwana! Nikajiambia kapandishwa na madume mabovu, wala sikuangalia, kumbe madume yalikuwa ya maana tu. Bosi akaniuliza ndugu zake vipi, mi nikamjibu habari za bibi wa mama yake. Akanunua. Yule farasi akawa anamaliza wa mwisho au jirani yake, mpaka akaenda kwenye mbio za kleimu, zile ambazo kila farasi anauzwa kwa bei iliyotajwa, mtu akamchukua, na bosi hakunigombeza hata siku moja, ila hadi leo nikimpelekea ukurasa anaweka kidole kwenye kale kamstari kwanza, ananitazama, ndo anasema haya endelea.

3. Ndugu ni wa mama mmoja. Dume mwenye jina anapanda majike zaidi ya 150 kwa msimu, kwa hiyo ukiambiwa huyu baba yake mmoja na bingwa fulani, itikia aisee, endelea na chai yako.

4. Mtoe bandani atembee. Eksirei daktari azisome kabla hujanyoosha mkono. Snaafi Dancer, mtoto wa dume maarufu Northern Dancer, 1983 alienda kwa dola milioni 10.2 na hakukimbia hata mbio moja. Seattle Slew 1975 aliuzwa dola 17,500, mguu wa mbele umegeukia nje, 1977 akabeba Triple Crown, zile mbio tatu kubwa za Marekani za farasi wa miaka mitatu. Na msiniletee huyo kama kisingizio, kila mwenye farasi wa miguu iliyopinda anamtaja yeye.

5. Baba ambaye watoto wake wa kwanza hawajakimbia bado, kata bei yako.

6. Bei ya mwisho iandike usiku, ukiwa umeshiba. Pale ulingoni dalali anakutazama usoni, unatikisa kichwa kidogo tu nyundo imegonga, na wa kusainisha kashafika na karatasi yake. Hapo hata useme ulikuwa unafukuza inzi, unasaini.