Faida na dawa ya mabusha

Mwanangu Somoe,

Hapa Mikindani hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri. Umeniuliza: ikiwa kidonge hutengenezwa kwa senti chache, kwa nini serikali zisilazimishe kiuzwe kwa bei hiyo hiyo, faida ikome?

Mimi mwenye duka la dawa siwezi kuitukana faida, ndiyo iliyokusomesha. Tena kilio cha makampuni si uongo mtupu. Dawa kumi zikianza kujaribiwa kwa binadamu, kama tisa hufia njiani, na ile inayofika sokoni hulipia zote. Ila ukisikia dola bilioni 2.6 kwa dawa moja, uliza zimejumlishwaje. Katika makadirio hayo ya Marekani, karibu nusu haikutoka mfukoni mwa mtu: ni kile ambacho fedha ingezaa kama ingewekezwa kwingine miaka yote hiyo. Nani dukani angekataa kuhesabu hivyo! Wengine waliokokotoa upya wamepata chini ya nusu ya hapo.

Ugomvi wangu na faida ni kwamba hukimbilia penye pochi. Unakumbuka kingatiba, ile siku ya kugawiwa dawa za kinga: mgawa dawa anakusimamisha wima, anakupima kwa fimbo yake yenye alama, ndipo anakuhesabia vidonge. Ile ivermectin, mojawapo ya vidonge hivyo, haikutafutwa kwa ajili ya babu yako na busha lake. Kampuni ya dawa ya Merck ilianza kuiuza mwaka 1981 kama dawa ya mifugo, ikachuma mno. Ilipoonekana inafaa kwa usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha binadamu, wagonjwa hawakuwa na cha kulipa, na mwaka 1987 kampuni ikaamua kuitoa bure. Mwaka 1998 wakapanua msaada huo hadi kwa wenye matende na mabusha. Nawashukuru kwa dhati. Lakini ng'ombe wasingekuwa na minyoo, nani angehangaika?

Kwa hiyo faida ibaki kwenye presha na kisukari, ambako wanunuzi wapo. Kwa magonjwa yetu, fedha ya umma na ya wahisani ilipie utafiti, na bei iandikwe kwenye mkataba mapema. Fexinidazole, vidonge vya malale, ilipatikana kwa mtindo unaokaribia huo. Ilikuwa imewekwa kando miaka mingi hadi DNDi, shirika lisilotafuta faida, lilipoifufua likishirikiana na Sanofi. Mwaka 2018 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaikubali.

Waulize walimu wako hapo Muhimbili kipengele cha bei katika mikataba kama hiyo huandikwaje, kisha uniandikie.

Mama yako